Chomekeni kwanza, ndipo mkompaili

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa teknolojia aliwashauri wenye kompyuta za zamani wakompaili (wajijengee kutoka msimbo wake) kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, wakiipunguza kwanza kwa amri ya make localmodconfig. Ushauri mzuri, ila ameuacha nusu. Amri hiyo hutazama moduli (vipande vya kerneli, kama dreva za kuendeshea vifaa) zilizopakiwa saa hiyo tu, zisizopakiwa huzizima. Mimi huchomeka kwanza printa, modemu ya USB, hata flashi ya mteja, ndipo naiendesha. Dreva ya diski na ya mfumo wa faili naziandikia =y (ziwe ndani ya kerneli yenyewe) kwenye .config, faili la mipangilio, zisitegemee initramfs, mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kompyuta inapowaka. Ya printa, =m (moduli ya kupakiwa ikihitajika) yatosha. Umeme ukikatika katikati (Bukavu tena!), ukirudi uendeshe tena make, amri ya kukompaili; haianzi upya, humalizia faili zilizobaki. Mwambieni aongeze hayo toleo lijalo.

Fundi wa kompyuta,
Kadutu, Bukavu