Mwachie Zamu Nzima

Rafiki yangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa cheo kipya. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia, maana ulichouliza ni kizito. Umekabidhiwa wasimamizi watatu wapya, wote wachapakazi waliopandishwa kutoka miongoni mwa wenzao, na mwajiri yuko tayari kuwalipia semina ya uongozi. Unauliza kama waende sasa hivi au wasubiri.

Mimi nasema wasubiri. Waanze kuongoza, wapambane na watu na ratiba, kisha ndipo waende semina wakiwa na maswali yao wenyewe. Mtu ambaye hajawahi kumwita pembeni mwenzake wa jana na kumwambia kuwa anachelewa kazini, somo la namna ya kutoa onyo litampita hivi hivi. Atarudi na cheti tu.

Jambo hili lilishafanyiwa kazi zamani. Mwaka 1940 Marekani ilikuwa inapanua viwanda vyake kwa ajili ya vita, na wasimamizi wapya walihitajika kwa haraka. Serikali ikaanzisha mpango ulioitwa Training Within Industry, yaani mafunzo ndani ya viwanda. Kozi moja ilichukua saa 10 tu, vikao vitano vya saa mbili mbili, kundi la watu wapatao 10, na kila mmoja alitakiwa kuleta kazi halisi kutoka sehemu yake na kuifundisha mbele ya wenzake. Mpango ulipofungwa mwaka 1945, zaidi ya watu milioni 1.6 walikuwa wamepata vyeti. Baada ya vita ukafika Japani, na Toyota ni miongoni mwa waliouchukua. Mafunzo ya kazi yalikuwa na hatua nne: mwandae mtu, mwonyeshe, mwache ajaribu, mfuatilie. Wengi wetu tunaishia kuonyesha. Wengine wanaruka moja kwa moja hadi kujaribu, wanamwacha mtu peke yake kwenye zamu ngumu na kusema anajifunza, wakati hakuna anayemfuatilia.

Kwa hiyo anza kuwaonyesha, lakini uwaonyeshe yale yasiyoonekana. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wao wanaiona ratiba ikiwa imeshabandikwa ukutani. Hawajui kwamba uliipanga upya kwa sababu fulani ana mgonjwa nyumbani, na kwamba watu wawili ukiwaweka zamu moja kazi haiendi. Mkalishe mmoja karibu nawe unapoipanga. Nenda naye kwenye kikao chako na wakubwa, asikilize, halafu mkitoka mwulize yeye angejibu nini.

Kisha mpe kitu kidogo lakini kizima. Hapa ndipo mambo mengi huharibika. Mkubwa anamwambia kijana akusanye mahudhurio, apeleke fomu, awakumbushe watu kuhusu kikao, na anaamini kuwa amemkuza. Huyo ni tarishi. Mpe zamu yenye watu wachache, ila iwe yake tangu makabidhiano mpaka ripoti ya mwisho: apange nani afanye nini, aamue kazi ikikwama, na yeye ndiye ajibu akiulizwa. Mwandikie mapema mambo anayoamua peke yake, yale anayoamua kisha akakujulisha, na yale ambayo lazima akuulize kwanza. Usalama wa watu haumo kwenye majaribio. Ukiona hatari, simamisha kazi papo hapo.

Niliwahi kumlea msimamizi mmoja, binti makini sana. Siku yake ya kwanza kuendesha kikao cha asubuhi, yeye alikuwa anauliza na watu walikuwa wananijibu mimi. Nikahama, nikasimama nyuma yao karibu na mlango. Kesho yake mfanyakazi mmoja akanijia kuomba ruhusa ya kuondoka mapema. Nikamwambia amwone msimamizi wake. Akaenda, akanyimwa, akarudi kwangu amekunja uso. Mimi ningemruhusu, lakini nilimwambia neno la msimamizi limekwisha. Jioni nikakaa na binti yule na kumwuliza: ulitarajia nini, kimetokea nini, kwa nini, na kesho utafanya nini tofauti? Akaeleza kuwa tayari watu wawili hawakuwepo, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kisha akanyamaza kidogo, akasema hakumwuliza yule mtu sababu ya kutaka kuondoka. Kesho yake alimfuata mwenyewe wakazungumza. Kuanzia hapo maombi ya ruhusa yakaacha kunijia.

Kama ningetengua uamuzi ule mbele ya watu, ningemvua cheo bila barua. Kosa linalorekebishika lirekebishwe mkiwa wawili, na siku hiyo hiyo. Ukingoja tathmini ya mwisho wa mwaka, yeye atakuwa ameshasahau na wewe umebaki na kinyongo.

Hao watatu hawatakwenda kwa mwendo mmoja, usiwashindanishe. Na lipo jambo ambalo wakubwa wengi hulikwepa: mtu akikaimu, barua itoke ili wote wajue, na posho ya kukaimu alipwe. Kumbebesha mtu mzigo wa cheo miezi nenda miezi rudi kwa jina la kujifunza ni kumdhulumu, na vijana wazuri huondoka kwa sababu hiyo. Lipiganie hili mapema, kabla hujampa yeyote zamu.

Ukishamwachia wa kwanza, niandikie. Usinieleze sana kuhusu siku ya kwanza, maana siku hiyo kila mtu hujitahidi. Nataka kujua wiki ya pili, kazi inapokwama, watu wanamkimbilia nani.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.