Kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo: hatua saba za Injili

Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa, wiki hii jumuiya zote tunasali kwa hatua saba, ile njia ya kuisoma Injili pamoja na kuisali. Someni Injili ya Jumapili ijayo, si iliyopita, ili mtu aingie misani akiwa ameshaitafuna.

Hatua ya tatu ndiyo tunayoiruka sana. Kila mmoja achague neno au kifungu kifupi, akitamke mara tatu, taratibu, bila maelezo. Kisha kimya cha dakika tatu hadi tano, mkitazama saa. Mtoto akilia, sawa tu. Hatua ya tano mtu aseme neno lililomgusa yeye. Katekista akianza kuhubiri hapo, akina mama wa nyuma hawafungui mdomo tena.

Hatua ya sita, ya kuchagua kazi ya kufanya, ina mtego: tunaingiza michango na sare, ibada inageuka kikao. Fedha zingoje hadi baada ya sala ya mwisho. Chagueni kazi moja tu: nani, kwa nani, lini. Kwa mfano, wawili waende kwa mgonjwa Jumamosi saa kumi, wamjulishe paroko kama mgonjwa anahitaji Komunyo. Wiki inayofuata mkutano uanze kwa kuwauliza walichokuta.

Biblia zisipungue tatu, jamani. Msitegemee za kwenye simu; simu zinaita.