Barua ya wazi kwa binamu yangu anayewania kiti cha wadi 2027

Binamu yangu mpendwa,

Shangazi ameniambia umeamua kuwania uwakilishi wa wadi, na kwamba hata sokoni watu wameanza kukuita mheshimiwa. Nimefurahi kwa moyo wangu wote. Kura ni tarehe 10 Agosti 2027, kwa hiyo muda wa kujipanga bado upo. Nakuandikia hadharani kwa sababu haya nitakayokuuliza, majirani zangu hapa Huruma nao wanayauliza kila siku, na wao hawana namba yako ya simu.

Rasimu ya manifesto yako nimeisoma mpaka mwisho. Kuna basari, kuna barabara, kuna taa za mitaani, kuna ajira kwa vijana. Mabadiliko ya tabianchi yamepewa mistari miwili ya mwisho kabisa: utapanda miti, na utaleta programu ya simu ya kutoa tahadhari za mvua. Mistari hiyo miwili ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike. Kwa mtu anayeomba kura za wadi hizi zetu za Mathare, hilo lilipaswa kuwa jambo la kwanza.

Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Mitaro ya maji ya mvua mijini, huduma za maji safi na maji taka, uzoaji wa taka: yote hayo ni kazi ya kaunti. Maana yake ni kazi ya Bunge la Kaunti ya Nairobi, lile lile unalotaka kuingia, lenye wadi 85, linalopitisha bajeti na kuwauliza maofisa fedha zimekwenda wapi. Watu wetu wamezoea kuona tabianchi kama habari ya mikutano ya wakubwa. Septemba 2023 marais wa Afrika walikutana KICC, ule ukumbi mkubwa wa mikutano wa Nairobi, wakatoa Azimio la Nairobi, wakawataka viongozi wa dunia waunge mkono kodi ya kaboni ya dunia nzima. Nililiunga mkono, na bado naliunga mkono. Kenya hutoa sehemu ndogo mno ya gesi zinazoipasha dunia joto, na waliochafua wanapaswa kulipa. Lakini hakuna rais wa nchi yoyote atakayekuja kuzibua mtaro wa nyuma ya ploti yetu.

Aprili 2024 ulikuwa bado chuoni, kwa hiyo acha nikueleze. Mto Mathare ulipanda usiku, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiwa na uchafu wote wa mjini, na watu wakakimbilia juu ya mabati wakiwa na watoto mgongoni. Nchi nzima tulipoteza karibu watu 300 katika mvua za msimu ule. Siku zilizofuata nilimkuta jirani mmoja akianika vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake kwenye kamba ya nguo, kimoja kimoja, kwa vibanio. Cha mtoto wa darasa la sita wino ulikuwa umetawanyika, jina la baba halisomeki. Bila cheti hicho kumsajili mtoto kwa mtihani ni mahangaiko, na kupata kingine ni nauli, foleni, na siku za vibarua zinazopotea. Godoro lilishaharibika, unga ulishamwagika, lakini yule mama alikuwa akipigania karatasi. Ukitaka kujua mafuriko huchukua nini kwa maskini, anzia hapo kabla hujafika kwenye nyumba.

Baadaye wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walichambua mvua zile. Walikadiria kwamba joto la dunia lilizifanya ziwe nzito zaidi kwa kama asilimia 5. Hewa ikipata joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, na mvuke huo ukishuka hushuka kwa kishindo. Tafadhali lifikirie hilo kama kiongozi. Asilimia 5 ni mzigo wa kweli tuliobebeshwa na wengine. Lakini mvua ile ile ilinyesha Muthaiga, ambako mto huu huu hupita kando ya bustani na uwanja wa gofu kabla haujafika kwetu, na wenyeji wa huko waliamka vitanda vyao vikiwa vikavu. Kilichotutenganisha nao usiku ule ni ardhi: nani alipewa ipi, nani aliruhusiwa kujenga wapi, na kodi ya vyumba vya kando ya mto huingia mfukoni mwa nani.

Serikali ilijibu kwa tingatinga. Iliamriwa kwamba watu wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru, na Rais akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia. Tarehe 10 Mei ikawa sikukuu ya kitaifa, nchi ikaomboleza kwa kupanda miti. Sasa wewe niambie: familia ya watu sita, shilingi 10,000, wiki ile ile ambayo maelfu ya wapangaji wote wanatafuta chumba mara moja, itahamia wapi? Wengi walihamia ng'ambo ya pili ya mto. Wengine wamerudi pale pale.

Sisemi watu wakae mtoni. Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka hapa Huruma wakati wa mvua, likaua watu wapatao 50, na lilikuwa limeshawekewa alama kwamba halifai. Tuliwachimbua kwa mikono. Kwa hiyo mimi sitakuwa miongoni mwa watakaokushangilia ukiwaahidi watu wa kando ya mto kwamba hawatahamishwa kamwe. Ninachotaka kusikia ni mpangaji ataenda wapi, kwa kodi ipi, na mwenye nyumba aliyejenga ndani ya mita 30 akakusanya kodi miaka yote hiyo atadaiwa nini. Nimehudhuria mikutano mingi ya hadhara hapa na sijawahi kumsikia mgombea akimtaja huyo wa mwisho.

Halafu kuna upande wa pili wa jambo hili, ambao hauonekani kwenye televisheni kwa sababu hauna picha ya helikopta. Ukame. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilishindikana mfululizo kaskazini na mashariki mwa nchi, ukame ambao haukuwa umeonekana kwa miaka 40. Wanasayansi wale wale walisema joto la dunia liliufanya uwezekane zaidi kwa kama mara 100. Sisi wa Huruma tuliuona Kiamaiko, soko letu la mbuzi. Mbuzi wanaoshushwa pale kutoka Isiolo, Marsabit na Moyale walikuwa wakifika mbavu zikihesabika, wengine wakibebwa, kisha wakaanza kupungua, na wachinjaji vijana wakawa wanashinda wamekaa. Unga wa mahindi wa kilo mbili ulivuka shilingi 200 mwaka 2022. Mama mboga wetu hakupandisha bei ya sukuma ya ishirini, maana anawajua wateja wake. Alipunguza majani. Kifungu kikawa kinaenea kiganjani.

Maji ndiyo hayo hayo. Zaidi ya nusu ya maji ya jiji hili, kwa kweli sehemu kubwa mno, hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a. Mvua ikigoma kule, mgao hukazwa huku, na mtungi wa lita 20 hupanda bei kabla hata tangazo halijatoka. Mvua ikizidi, mabomba hupasuka au kusombwa, na bei hupanda vile vile. Stima pia: mabwawa ya Tana yakishuka, jenereta za mafuta huwashwa zaidi, na ukinunua tokeni unaiona gharama ya mafuta imekatwa ndani yake. Mwananchi wa kawaida anailipia tabianchi mara kadhaa kwa siku bila kuitaja jina.

Nije kwenye programu yako ya simu. Sipingi teknolojia, na usinielewe vibaya. Nimeona ikifanya kazi. Tangu 2010, kuanzia Marsabit, wafugaji wamekuwa na bima ya mifugo inayotumia setilaiti: chombo kiko angani, kinapima ukijani wa malisho, na malisho yakikauka kupita kiwango fulani mfugaji hulipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Utafiti wake ulitoka ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyo hapa hapa Nairobi. Pikipiki za umeme nazo zinaongezeka stejini, na vijana wanazipenda kwa sababu inayoeleweka, mafuta ni ghali. Na mwaka 2015 Mathare ilipata vioski vya maji vya kadi, unagusa kadi, maji yanatoka, kwa bei ya chini kabisa. Wazo zuri sana. Ila mashine haizalishi maji. Bomba likikauka, kadi hubaki plastiki.

Tahadhari yako ya mvua itakumbana na hilo hilo. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner tayari hutoa tahadhari, na kwa kawaida huandika "mvua inayozidi milimita 30 kwa saa 24". Tatizo ni kwamba sentensi hiyo haimwamshi mtu. Piga hesabu kidogo. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Chumba chetu cha mabati cha futi kumi kwa kumi, milimita 30 kitamwagiwa lita karibu 280, yaani mitungi 14, paa moja tu. Zidisha kwa mapaa yote kutoka Juja Road hadi mtoni, mahali ambapo hakuna udongo wazi wa kunywa maji na mtaro umejaa taka. Mwambie mama wa Mathare hivyo, kwa mitungi, naye atajua saa ngapi ya kuamsha watoto.

Na wengi wa wanaolala karibu na mto huzima data usiku ili bando lisiishe, au simu imekata chaji. Kwa hiyo ukitaka kuanza kesho, bila zabuni, anza hivi. Mto huu hutoka upande wa Kiambu. Weka mtu juu huko, na mwingine Muthaiga, kila mmoja na nguzo iliyopakwa rangi kwenye daraja, nyeupe, njano, nyekundu. Maji yakigusa nyekundu anapiga simu, simu ya kawaida, kwa watu waliochaguliwa na mitaa yao. Wao wana funguo za spika za msikiti na za kanisa. Mlipe yule wa darajani. Hiyo nayo ni ajira kwa vijana. Programu yako ikija baadaye itakuta kitu cha kujengea juu yake. Na ulizia pia kamati za wadi za kupanga masuala ya tabianchi, zilizowekwa chini ya mpango wa serikali wa kupeleka fedha hizo mashinani. Ulizia nani anaketi humo, zilikutana lini, na ziliamua nini.

Kuhusu miti. Wangari Maathai hakupata heshima aliyonayo kwa kuchimba mashimo siku za sikukuu. Mwaka 1989 alisimama dhidi ya jengo refu lililotakiwa kujengwa Uhuru Park, na Januari 1999 alipigwa hadi akatokwa damu akiutetea msitu wa Karura usigawiwe wajenzi. Alikuwa akiwataja wanyakuzi wa ardhi ya umma, na kwa ajili hiyo walimchukia. Ukipanda mche huku umenyamaza kuhusu ploti ya umma iliyozungushiwa ukuta karibu na shule yetu, mche huo utakuwa umeupanda bure.

Jambo moja la siasa, nalo nitalipitia haraka. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na ushuru uliopewa jina la mazingira, uliogusa hata simu na nepi. Vijana waliingia barabarani, wengine wakauawa, na mswada ukaondolewa siku moja baada ya maandamano makubwa ya Juni 25. Vijana wa hapa, wengi wao, walilisikia neno mazingira kwa mara ya kwanza likiwa na maana ya kutozwa. Utakaposimama jukwaani kulitamka, kumbuka kwamba wanaokusikiliza walizika wenzao. Waanzie kwenye mtaro, kwenye mtungi, kwenye bei ya sukuma.

Nitakupigia kampeni, hilo usiwe na shaka nalo. Nitatembea nawe nyumba kwa nyumba, na shangazi amesema atavaa fulana yako. Lakini kabla ya kura za mchujo nataka jibu lako kwa maandishi, na nitalichapisha hapa hapa lilivyo: mpangaji wa ndani ya mita 30 ataenda wapi, kwa kodi gani, na mwenye nyumba yake utamfanya nini. Ukihitaji majina ya watu wa kuzungumza nao kando ya mto, Jumamosi yoyote niko, nitakupeleka.

Dada yako,
Huruma, Nairobi