Namba E haimaanishi gari jipya: kwa nini tunauza Toyota IST zetu bei hii

Jumatatu ya wiki iliyopita dada mmoja aliingia yadini kwetu Tabata akiwa na hasira, na hasira yake niliielewa. Miezi minne nyuma alikaa kwenye kiti kilekile akaikataa IST yetu ya namba C (yaani herufi ya kwanza kati ya zile tatu za kwenye kibao ni C) tuliyokuwa tunaiuza shilingi milioni 9.8. Alisema tunamlalia: namba C haiwezi kufika bei hiyo wakati Kinondoni kuna mtu ana namba E kwa milioni 11. Akaenda kuichukua hiyo namba E. Sasa amerudi nayo anauliza kwa nini hatukumwambia kwamba namba E haimaanishi gari jipya.

Tulimwambia. Ila maneno haya nayarudia karibu kila wiki, tena mara nyingi mteja akiwa ameshika ufunguo wa gari alilokwisha kulipia. Kwa hiyo nayaandika.

Herufi kwenye kibao cha namba inakuambia gari limesajiliwa lini Tanzania: E limesajiliwa karibuni kuliko C. Mwaka lilipotengenezwa ni habari nyingine kabisa. IST ile tunayoiita old model ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, ikafuata new model ambayo nayo iliishia 2016. Maana yake old model yoyote unayooneshwa leo, iwe namba B au namba E, iliyo changa kuliko zote ni ya 2007. Namba E ya yule dada ni ya 2003. Namba C yetu aliyoikataa ilikuwa ya 2006. Aliongeza milioni 1 na laki 2 akapata gari lenye umri mkubwa zaidi kwa miaka mitatu, na mwaka huo umeandikwa kwenye kadi aliyopewa mkononi.

Wateja hunijibu kwamba namba E angalau haijachoshwa na barabara zetu. Hoja hiyo ina ukweli wake na siipuuzi. Lakini ile miaka mingine yote gari halikuwa limefungiwa ghalani. Lilikuwa linatembea Japani. Kama lilikaa kaskazini kwenye theluji, kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi inakula chini. Tulipoipandisha gari ya dada tukakuta chini kote kumepulizwa rangi nyeusi mbichi. Fundi wetu alikwaruza kidogo kwa bisibisi, kutu ikamwagika kama maganda. Bomba la breki la nyuma lilikuwa limeshaanza kutoboka. Juu, bodi inang'aa.

Kisha tukasoma namba ya chesisi. Aliambiwa ukubwa wa injini ni cc 1490. Chesisi inaanza na NCP60, ambayo ni injini ya 2NZ, ile cc 1290. Yenye injini ya 1NZ, ile cc 1490, ni NCP61, na NCP65 ni ile inayovuta matairi yote manne. Herufi tatu na tarakimu mbili, ziko kwenye kibati ndani ya boneti, hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzisoma. Cc 1290 si gari baya, tunaziuza na zinakula mafuta kidogo. Tatizo ni kulipia kitu ambacho hukupewa.

Sasa nizungumzie bei, kwa sababu hapo ndipo tunaposemwa vibaya. Watu wanauliza inakuwaje gari la karibu miaka ishirini liuzwe bei karibu sawa na ya miaka mitano iliyopita. Hatukujipangia wenyewe. Ukiagiza IST leo utalipa ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ule ushuru wa uchakavu ambao kwa gari lililozidi miaka 10 ni asilimia 30. Tena hesabu hiyo inapigwa kwenye thamani iliyomo kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA), hata kama wewe umelinunua mnadani kwa bei ya kutupa. Gari linalotoka bandarini likiwa limebeba mzigo huo ndilo linaloshikilia bei ya yale yaliyopo mtaani. Uber ilipoingia Dar mwaka 2016, na Bolt ikafuata, vijana wengi wakatafuta gari hilohilo moja. Na spea zipo: injini ya 1NZ iko pia kwenye Toyota nyingine kama Probox, Raum, Spacio, Runx, Allex na nyinginezo, kwa hiyo kwenye maduka ya spea ya Gerezani hukosi kitu. Demio na Honda Fit ni magari mazuri na mara nyingi unazipata kwa bei nafuu kuliko IST, lakini siku ya kuuza utakaa nayo muda mrefu zaidi. Ninazo mbili hapa tangu mwaka jana.

Gari za mtandao, yaani zilizofanya kazi ya Uber na Bolt, zinahitaji jicho lake. Dereva anayepiga kazi kutwa nzima anaweza kumaliza kilomita za mwaka mzima za mtu wa ofisini ndani ya miezi michache. Kisha gari linaoshwa, kilomita zinarudishwa nyuma, linakuja sokoni likiwa na kilomita 78,000 kwenye dashibodi. Sisi dashibodi tunaiangalia mwisho. Tunaanza na mlango wa nyuma kushoto, ambako abiria hupandia: bawaba zimelegea, mpira umeliwa, kitasa kimechubuka. Tunaangalia raba ya pedeli ya breki, ukingo wa kiti cha dereva, alama ya gundi ya kishikio cha simu. Mzee mmoja wa Morogoro alitubishia sana kuhusu gari la namna hii kwa sababu muuzaji alikuwa mtu wa kanisani kwake. Tulimwomba avute mkanda wa siti ya dereva hadi mwisho na kuuachia. Haukurudi. Akanyamaza, akatuomba tumtafutie lingine.

Kinachoniuma zaidi ni njia za mkato ambazo mwenye gari analipia mwenyewe. Tunanunua magari pia, na karibu kila anayekuja kuuza amefanya moja ya haya. Anapiga rangi gari zima ili lipendeze, anatumia laki 8 au milioni, halafu anashangaa tunapompa bei ndogo kuliko ya jirani yake mwenye mikwaruzo. Mikwaruzo naiona na naijua gharama yake. Rangi mpya nzima inanilazimu nijiulize inaficha nini, na mnunuzi wangu atajiuliza hivyohivyo. Acha rangi ya kampuni, hata ikiwa imefifia.

Jingine ni themostati, kifaa kinachozuia maji ya radieta yasizunguke mpaka injini ipate joto. Sijui nani aliwafundisha mafundi wetu kwamba Tanzania ni nchi ya joto kwa hiyo themostati haina kazi. Wanaitoa wanaitupa. Injini inachelewa kufikia joto lake, inakula mafuta, mwenye gari anaanza kubadilisha plagi na kusafisha nozeli bila mafanikio. Baadaye feni nayo inaungwa moja kwa moja izunguke muda wote, na kwenye radieta yanawekwa maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupoozea injini. Mwalimu mmoja wa Mbagala alituletea gari la hivyo: radieta imejaa tope la kutu, gasketi ya silinda hedi imeungua, na hedi imepinda. Themostati ingemgharimu makumi ya maelfu. Matengenezo yalikula zaidi ya milioni 1 na laki 2, na bado nilimwambia ukweli kwamba akiliuza litashuka bei kwa sababu injini imeshafunguliwa.

Na oili nzito. Injini ikianza kutoa moshi wa bluu, dalali anamshauri mwenye gari aweke oili nzito kabisa. Moshi unapungua kwa wiki kadhaa, zinazotosha kuuza.

Ndiyo maana ukaguzi wetu ni shilingi 60,000 na hatushushi, hata kwa ndugu. Unachukua saa mbili: tunalipandisha gari, tunapima kwa mashine, tunaliendesha hadi injini ifikie joto lake la kawaida, tunasoma chesisi na kuilinganisha na kadi, tunaangalia madeni ya trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Kuna waliolipa 60,000 wakaambiwa wasinunue, wakaona hela yao imepotea. Yule dada bomba za breki pekee zimemla laki 3 na nusu, na kutu ya chini bado hatujaigusa.

Ukitaka tukukagulie gari lililo kwa muuzaji, tupigie siku moja kabla. Mwombe akuruhusu kuliona asubuhi, na umwambie asiliwashe kabla hatujafika. Moshi, mlio wa cheni ya injini na gia inayochelewa kushika huonekana injini ikiwa ya baridi. Tukifika tukakuta boneti ina moto, tutaondoka na kurudi kesho yake, bila kukuongezea bei.