Sevisi ya kwanza ya pikipiki mpya: lipa, lakini simama uangalie

Wiki iliyopita mwalimu mmoja, mteja wa siku nyingi wa gereji yetu hapa Kihonda, Morogoro, alinipigia simu. Amenunua pikipiki mpya ya cc 150, akampa kijana kwa mkataba aendeshe bodaboda, na duka lililomuuzia linamtaka aipeleke sevisi ya kwanza ya kulipia. "Fundi, hata wiki mbili haijamaliza. Sevisi ya nini sasa? Si tusubiri mwezi uishe niilete kwako?"

Nikamwambia, "Mwalimu, usihesabu siku. Mwambie kijana akusomee kilomita."

Zilikuwa 1,340.

Vitabu vya pikipiki nyingi za kazi huandika sevisi ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1,000, kutegemea kampuni. Mtu wa kwenda kazini na kurudi anaweza kuzifikisha kwa miezi miwili. Bodaboda anayezunguka Msamvu, Bigwa na Mzumbe kutwa nzima akikata kilomita 120 kwa siku, 500 zinaisha siku ya tano. Bosi yuko nyumbani anahesabu tarehe, injini inahesabu kilomita.

Kuhusu kulipa, jibu langu ni lipa, tena uipeleke kwa wakala, usilete kwetu. Nasema hivi na kumwaga oili ndiko kunakolisha gereji yetu. Injini ikileta kasoro ya kiwandani, kitu cha kwanza wakala atakachoomba ni kitabu cha sevisi, na ukurasa wa kwanza ukiwa mtupu umempa sababu ya kukukatalia dhamana. Kisha angalia vizuri ndani ya kitabu hicho: mara nyingi kuna kuponi, ufundi ni bure, wewe unalipia oili na filta. Kwa mwenye mkataba, hiyo ni kama hesabu, pesa anayompelekea bosi, ya siku mbili tatu.

Kazi yenyewe inahitajika kweli. Ringi za pistoni na ukuta wa silinda bado ni vipya, vinasuguana mpaka vikae, na gia vivyo hivyo. Unga wa chuma unaosagika unaingia kwenye oili, na pikipiki hizi zina oili moja tu inayohudumia pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Nikikinga oili ya kwanza kwenye beseni jeupe nikaitoa juani, inameremeta kama chai iliyomwagiwa rangi ya fedha. Oili ya pili haimeremeti hivyo. Ndiyo maana pia nawasihi vijana: kilomita 1,000 za mwanzo, usiikamue na usipakie mishikaki.

Halafu kuna tapeti, vile vidude vinavyosukuma valvu zifunguke, na hapa ndipo naumia. Valvu, yaani milango ya injini ya kuingizia hewa na kutolea moshi, zikiwa mpya na zinapokaa kwenye viti vyake, nafasi ya tapeti inapungua. Kwa injini nyingi za aina hii nafasi hiyo ni kama milimita 0.05 hadi 0.10, yaani unene wa unywele. Ikiisha, valvu haifungi sawasawa, moto unavujia pembeni na kuiunguza.

Mwaka jana kijana alituletea pikipiki ya miezi minne, asubuhi haiwaki, mlimani haina nguvu. Kitabu kilikuwa na muhuri wa sevisi ya kwanza. Nilipogeukia vifuniko vya tapeti, nati hazikuwa na alama hata moja ya spana. Nikafungua, na fila geji, kibati cha kupimia nafasi hiyo, nyembamba kuliko zote nilizonazo ikakataa kupita upande wa valvu ya moshi. Nikamuuliza walimfanyia nini. Alisema alifika injini ya moto, wakamwaga oili, wakaiosha, wakagonga muhuri, dakika ishirini akaondoka. Tapeti hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa hiyo hata wangetaka wasingeweza kuipima. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa imeungua. Siku tatu bila hesabu, na bosi anapiga simu. Yule kijana alilipa kila kitu alichoambiwa alipe. Hakuna aliyemwambia cha kudai.

Kwa hiyo ukienda, nenda jioni uiache ilale, au fika asubuhi uwaombe wasiiguse mpaka ipoe. Uliza tapeti kwa jina lake. Waone wakitoa chujio la oili na kulisafisha au kulibadilisha. Cheni mpya hulegea haraka. Ikisukumwa katikati icheze kama milimita 20 hadi 30, kipimo kamili kiko kitabuni. Wapitie nati za injini, usukani na spoku. Kwenye chupa ya oili tafuta maandishi JASO MA, alama ya oili ya pikipiki, kwa sababu oili ya gari inaweza kuifanya klachi iteleze.

Kama uko kijijini na wakala yuko mbali, mpigie umuulize fundi anayemtambua karibu nawe. Asipokuwepo, mwaga oili kilomita zikifika, tunza risiti, na mweleze wakala mapema.

Yule mwalimu alimtuma kijana siku ileile. Sevisi zinazofuata, tunawakaribisha hapa. Njoo na kitabu chako, na kama tutagusa tapeti, ituachie usiku mmoja.