Jino la Ziada Limeng'olewa, Mbona Meno Bado Yamebanana?

Wazazi wengi hudhani jino la ziada ndilo lenye makosa yote: ling'olewe, mengine yatajipanga. Wakati mwingine huwa hivyo. Tatizo ni kwamba wenye meno ya ziada, kwa wastani, huwa na meno ya kawaida mapana kuliko ya watu wengine. Wale ambao baadhi ya meno yao hayakuumbika kabisa ndio huwa na madogo.

Ndiyo maana tunapima kwanza. Kalipa, kifaa cha kupimia upana, hushika sehemu pana kabisa ya jino, sambamba na ukingo wa kung'atia, na kila jino hupimwa mara mbili. Jino kubwa la mbele la juu huwa na upana wa kama milimita 8.5. Ziada ya milimita 0.3 huioni kwa macho, lakini izidishe kwa meno kumi yaliyo kati ya magego makubwa ya kulia na kushoto: milimita 3, karibu nusu ya jino dogo la mbele.

Jino la ziada lenyewe hatuliingizi kwenye hesabu hiyo. Mara nyingi hukaa katikati ya meno mawili makubwa ya juu, dogo, limechongoka kama kigingi. Lile lenye umbo la pipa ndilo sumbufu zaidi. Hujificha mfupani na kulizuia jino la mbele lisishuke. Mtoto wa miaka 8 au 9 ambaye jino moja kubwa limeota na mwenzake hajaonekana apigwe eksirei, asingojewe. Picha mbili za pembe tofauti huonyesha kama limelala upande wa kaakaa au wa mdomo.

Jino la ziada likishatolewa, lile lililozuiwa huachiwa kwa kawaida miezi 6 hadi 12 lishuke lenyewe, mradi nafasi ipo. Isipokuwepo, waya wa kupanga meno huanza kwa kufungua nafasi. Kwa aliyekwisha ota meno ya kudumu, upungufu mdogo huzibwa kwa kusugua enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, kama milimita 0.25 kila ubavu wa jino. Upungufu mkubwa huweza kudai jino zima la kawaida ling'olewe, na hapo wengi hushtuka: si tulikuja kupunguza moja tu?

Ukija, leta eksirei za zamani zote. Meno ya ziada ya eneo la magego madogo huweza kuanza kuumbika baadaye, hata kama picha ya utotoni haikuonyesha kitu.