Tutengeeni kona ya picha za mtaani

Ndugu Mhariri,

Sisi majirani watano wa Chang'ombe, Dodoma, kila Jumamosi tunachagua neno moja na kulitafutia picha kwa simu zetu za kawaida. Juzi neno lilikuwa "kutu". Nilidhani limenishinda, hadi nilipochutama Soko la Majengo mbele ya mizani ya mama muuza zabibu: sahani imeliwa na kutu, rangi ileile ya udongo wetu, na juu yake kishada cheusi chenye vumbi la shambani.

"Mwanangu, mizani mbovu nayo unaipiga picha?"

Nikanunua kilo moja, maana kupiga bure ni aibu.

Gazeti lenu limejaa picha za utepe ukikatwa. Tutengeeni japo kona moja ya Jumapili.

Fundi cherehani,
Chang'ombe, Dodoma